Waifai ya nyumbani isinunuliwe kwa kuangalia bango

Nyumba nyingi za mjini hulipia intaneti kila siku bila kujua zinalipa kiasi gani. Baba anajiunga bando akiwa kwenye daladala, mama anajiunga la kwake akiwa dukani, kijana wa kidato cha tatu anaomba 1,000 kwa sababu mwalimu ametuma maswali kwenye kundi la WhatsApp, na dada wa kazi anakopa salio aongee na mama yake kijijini. Hakuna anayeandika popote. Watu wanne wakitumia shilingi 1,000 kila mmoja kwa siku ni 4,000, na kwa mwezi wa siku 30 ni 120,000. Fedha hiyo haiumi kwa sababu inatoka vipande vipande, tena kwenye mifuko tofauti. Siku wakala wa kampuni ya intaneti anapogonga geti na kutaja bei ya mwezi mzima kwa nyumba nzima, ndipo watu wanaposhtuka na kusema ni ghali.

Wapo pia walioangukia upande wa pili. Waliona bango la ofa, wakachukua ruta siku hiyo hiyo, kifurushi cha mwezi kikaisha siku ya tisa, na tangu hapo kila mtu amerudi kwenye bando la simu yake huku ruta ikibaki pambo juu ya kisimbuzi. Hawa wanalipa mara mbili.

Kinachokosekana kwa makundi yote mawili ni kujua nyumba inatumia intaneti kwa kazi gani, saa ngapi, na nani anatumia zaidi. Bango haliwezi kujibu hilo. Bango linataja kasi na bei. Halijui kwamba watoto wa nyumba hii wanarudi shule saa 10 alasiri, kwamba mama anapokea oda za keki usiku, wala kwamba baba anafanya kazi mkoani na hupiga simu ya video akitoka zamu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kampuni gani ni nzuri, mzazi achukue daftari la hesabu za sokoni na aandike kwa wiki mbili kila shilingi inayoingia kwenye bando, ikiwemo ile ya mtoto na ya dada. Simu zenyewe zinasaidia. Simu janja karibu zote zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha data iliyotumika kwa mwezi, programu moja moja. Hapo ndipo wazazi wengi wanapogundua kwamba WhatsApp waliyoilaumu haina hatia kubwa, na kwamba mlaji yuko kwenye video.

Video ndiyo karibu hesabu yote. Netflix, kwa mfano, wanaeleza wazi kwamba saa moja ya kutazama kwa ubora wa chini hula kama GB 0.3, ubora wa kati GB 0.7, na ubora wa juu hufika GB 3. Mtoto anayetazama katuni saa mbili kwa siku kwa ubora wa kati anamaliza kama GB 42 kwa mwezi. Mtoto huyo huyo, katuni hizo hizo, kwa ubora wa juu, ni GB 180. Hajaongeza hata dakika moja. Kilichobadilika ni kwamba amehama kutoka simu ya mama kwenda kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, na televisheni ikiona njia iko wazi hujichagulia ubora wa juu yenyewe bila kumuuliza mtu. Mzazi anayeingia kwenye mipangilio ya YouTube au Netflix na kushusha ubora huokoa fedha nyingi kuliko anayezunguka maduka matatu akitafuta ofa. Kwa katuni, mtoto wa miaka mitano hataona tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo linalomaliza vifurushi vya ruta ndani ya siku chache. Simu ikiwa kwenye bando lake huwa na adabu. Inasubiri. Haipakui masasisho makubwa ya programu wala haipandishi picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa sababu inajua data ni ya kupimwa. Ikiunganishwa na waifai inadhani imefika kwenye neema isiyo na mwisho. Usiku watu wamelala, simu nne zinapakua masasisho, picha za harusi ya juzi zinapanda Google, na kompyuta ya kazini iliyoletwa nyumbani inajisasisha nayo. Asubuhi kifurushi kimepungua na kila mmoja anaapa hakugusa kitu, na kweli hakugusa.

Dawa yake ni ya dakika tano kwa kila kifaa. Simu za Android na kompyuta za Windows zina sehemu ya kuitambulisha waifai fulani kuwa ni ya kupimwa, na iPhone ina hali ya kutumia data kidogo. Baada ya hapo kifaa kinarudisha adabu yake. Kwenye WhatsApp, kupakua picha na video kwenyewe kuzimwe hata kwa waifai. Makundi ya ukoo na ya wazazi wa darasa yana video nyingi ambazo hakuna aliyeziomba. Nyumba yenye faiba isiyopimwa haina haja kubwa ya haya yote. Nyumba inayotumia ruta ya laini ikiyaacha, hakuna kifurushi kitakachoitosha.

Hapo sasa ndipo swali la aina ya intaneti linapokuja. Kwa familia za mijini Tanzania njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni faiba, waya unaoingia hadi ndani ya nyumba, ambao kwa kawaida hulipiwa kwa mwezi kulingana na kasi na si kwa GB. Ya pili ni ruta ya laini ya simu, ya 4G au 5G, inayotumia minara ile ile ya simu za mkononi. Palipo na faiba, na familia ina watoto wa shule au mtu anayefanyia kazi nyumbani, faiba ndiyo ya kuchukua, wala hakuna haja ya mjadala mrefu. Haigawani mnara na abiria wote waliokwama kwenye foleni, na haipungui kwa sababu mtoto amerudia katuni.

Tatizo ni neno "palipo". Wakala akisema faiba imefika Mbagala au Kimara hajasema kitu. Swali ni kama imefika kwenye nguzo ya mtaa husika, na ni mita ngapi kutoka nguzo hadi mlangoni, maana waya wa ziada unaweza kulipiwa. Jirani aliyeunganishwa ana taarifa nzuri kuliko kituo cha huduma kwa wateja. Aulizwe vitu viwili tu: saa 2 usiku inakuwaje, na mara ya mwisho ilipokatika fundi alikuja baada ya siku ngapi. Katika mitaa ambayo barabara inachimbwa au mabomba ya maji yanalazwa, waya hukatwa na majembe mara kwa mara, na kampuni yenye mafundi wa karibu inafaa kuliko yenye kasi kubwa kwenye karatasi.

Kwa ruta ya laini, kipimo kinafanyika kabla ya kununua chochote. Simu zenye laini za mitandao tofauti hazikosekani katika ukoo. Mjomba ana Vodacom, shangazi ana Airtel, mpangaji wa uani ana Halotel, mwingine ana Yas, ile iliyokuwa Tigo. Ziombwe jioni moja, kila moja iwekwe mahali pale pale ruta itakapokaa, na ipimwe kasi kwa tovuti ya fast.com au programu nyingine ya aina hiyo. Kipimo cha saa 4 asubuhi hakisaidii mtu, kwa sababu mnara saa hiyo hauna watu wengi. Kipimo chenye maana ni cha kati ya saa 1 na saa 4 usiku, siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa Jumapili. Mtandao unaosifiwa Kariakoo unaweza kuwa dhaifu Goba, bondeni, nyuma ya kilima. Kila nyumba ina mnara wake.

Na anayeshawishiwa kununua dishi la intaneti ya setilaiti lililovushwa kutoka nchi jirani aulize kwanza TCRA kama huduma hiyo ina kibali hapa, asije akapoteza vyote, dishi na fedha.

Maneno ya kwenye bango nayo yanahitaji tafsiri. Kasi hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, wakati mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 20 kikifanya kazi vizuri kabisa kinaleta megabaiti 2.5 kwa sekunde, si 20. Hiyo si kasi ndogo. Netflix wanapendekeza megabiti 5 kwa video ya ubora wa juu wa kawaida, kwa hiyo 20 inatosha televisheni moja, mtoto mwingine kwenye simu, kijana kwenye somo la video, na mama kwenye WhatsApp, wote kwa pamoja. Familia ya watu sita inayouziwa megabiti 100 inauziwa basi wakati inahitaji kigari cha familia. Mwenye wasiwasi aanze na kifurushi cha chini. Kupanda ni simu moja tu, na kampuni hazijawahi kumkatalia mteja anayetaka kuongeza malipo.

"Bila kikomo" ni neno la kusomwa polepole zaidi. Vifurushi vingi vya namna hiyo, hasa vya laini, vina kiwango ambacho mteja akikipita kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi. Data haijaisha, kweli, lakini video haifunguki. Kiwango hicho huandikwa kwenye masharti kwa herufi ndogo, chini ya jina zuri kama matumizi ya haki. Mzazi amuulize wakala: ni GB ngapi kabla hamjapunguza kasi, na mkipunguza inabaki megabiti ngapi? Wakala asiyejua majibu haya hafai kupewa fedha siku hiyo.

Maswali mengine ni ya mpangaji hasa, na familia nyingi ni wapangaji. Ruta ni ya mteja au ya kampuni? Ni ya kampuni iwapo ilitolewa bure, na siku ya kuacha huduma itadaiwa pamoja na chaja yake. Familia ikihama, huduma inahama nayo au gharama za kuunganisha zinaanza upya? Mwenye nyumba ameridhia ukuta utobolewe? Ruta ya laini imefungwa kwa mtandao mmoja, au inakubali laini yoyote? Ruta iliyofungwa huwa nafuu, lakini mtandao ukizorota mtaani haina kazi nyingine. Halafu kuna ofa ya kulipa mwaka mzima kwa punguzo. Kwa kampuni ambayo familia haijawahi kuitumia hata wiki moja, ofa hiyo ikataliwe bila kuona haya. Miezi mitatu ya mwanzo ilipwe mwezi kwa mwezi, na risiti zitunzwe.

Kuhusu ruta yenyewe, wingi wa antena si kipimo cha nguvu, na wauzaji wanalijua hilo. Jambo la kuangalia ni kama inatoa mawimbi mawili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. La kwanza lina kasi ndogo lakini linapenya kuta. La pili lina kasi lakini linachoka mapema likikutana na tofali. Hapa kuna mtego mdogo. Ruta nyingi huandika "5G" mwishoni mwa jina la waifai, na maana yake ni gigahezi 5, si mtandao wa simu wa 5G. Kuna watu wamelipia ruta ya 4G kwa bei ya 5G kwa sababu ya herufi hiyo.

Mahali pa kuiweka panafanya kazi kubwa kuliko chapa yake. Kwenye kabati la televisheni, nyuma ya kisimbuzi, karibu na friji, hapo ndipo nyumba nyingi huiweka na ndipo mahali pabaya kuliko pote. Ruta ya laini ikae dirishani, upande wa mnara, juu kidogo. Ya faiba ikae katikati ya nyumba, na fundi aambiwe hivyo kabla hajatoboa, kwa sababu fundi akiachwa atamalizia waya ukuta wa kwanza anaoukuta. Nyumba za tofali za saruji zenye vyumba vinavyofuatana humeza mawimbi. Chumba cha mwisho kikikosa, kuvuta waya mmoja wa mtandao hadi kwenye ruta ya pili ni uhakika zaidi kuliko vifaa vya kurudufu mawimbi vinavyouzwa kwenye soketi.

Umeme ukikatika, faiba iko hai lakini ruta imekufa. Vipo vibetri vidogo, mafundi wanaviita UPS ndogo, vinavyoweza kuiwasha ruta kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua, isomwe chaja ya ruta: imeandikwa volti 12, au 9, au 5. Kibetri kilingane na namba hiyo. Volti zikizidi, ruta inaungua.

Baada ya kuunganishwa huja sehemu ambayo si ya fundi bali ya familia, na hapa ndipo waifai inapoleta ugomvi au amani. Zamani bando lilikuwa kikomo chenyewe. Mtoto alilala kwa sababu 1,000 ilikwisha. Sasa haiishi. Ruta nyingi zina ratiba ya kuzima intaneti kwa kifaa kimoja kimoja, hivyo simu ya kijana inaweza kukatwa saa 3:30 usiku huku ya mama ikiendelea. Hili ni bora kuliko kuchomoa ruta ukutani, hasa kwa familia ambayo baba yuko Mtwara na hutoka zamu saa 4 usiku, muda pekee anaopata kuona sura za watoto. Familia nyingine zimemnyima baba dakika hizo kumi kwa kumwadhibu kijana. Ijumaa na Jumamosi muda unaweza kusogezwa. Muhimu ratiba ijulikane na wote, isiwe inabadilika kwa hasira ya mzazi ya siku hiyo.

Kuhusu picha chafu, ipo njia isiyo na gharama. Kampuni ya Cloudflare tangu 2020 inatoa bure anwani za DNS 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ambazo zikiandikwa kwenye mipangilio ya ruta hukataa kufungua tovuti nyingi za ngono na zenye programu hasidi kwa kila kifaa kilichomo ndani. Fundi anayeunganisha anaweza kuziandika kwa dakika mbili akiombwa. Haizuii kila kitu: mtoto mwenye bando lake anapita pembeni, na mwenye umri wa miaka 15 akitaka sana atajifunza njia. Inamkinga mdogo wa miaka minane asikutane na asichokitafuta, na kwa umri huo hilo ni kubwa.

Neno la siri la waifai, pamoja na lile la kuingilia mipangilio ya ruta, yabadilishwe siku ile ile. Yale ya kiwandani yamebandikwa chini ya ruta na kila mgeni anaweza kuyasoma. Wageni, na marafiki wa watoto wanaokaa barazani mchana kutwa, wapewe mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi unao. Dada wa kazi apewe ule wa nyumba kama watu wengine wa nyumba. Kumnyima neno la siri mtu anayelala na watoto, na ambaye angehitaji kupiga simu wakishikwa na homa, ni uchoyo usio na faida. Kushirikiana na wapangaji wenzake kunawezekana pale masharti yanaporuhusu, ila laini ya kwenye ruta imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, na huyo ndiye atakayetafutwa mtu mwingine akiitumia vibaya. Kwa kupiga *106# mtu anaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ya ruta ikiwemo.

Simu moja nyumbani ibaki na bando dogo la mtandao tofauti na ule wa ruta, kwa siku za dharura. Hata hiyo ina mpaka wake. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, mitandao ya Tanzania iliyumba kwa pamoja, na mwenye laini tatu hakuwa na nafuu kubwa kuliko mwenye moja. Ila siku za kawaida kinachokatika ni waya wa mtaani, na hapo bando la akiba linamwezesha mtoto kumaliza kazi ya shule na mama kujibu wateja wake.

Ikikatika, mzazi apige huduma kwa wateja na adai namba ya kumbukumbu ya tatizo, aiandike pamoja na tarehe na saa. Siku zilizopotea aombe zifidiwe kwenye mwezi unaofuata. Zipo kampuni zinazofidia zikiombwa na kunyamaza zisipoombwa. Kampuni isiposhughulikia, malalamiko yanapelekwa TCRA, na jambo la kwanza mtu atakaloulizwa huko ni kama alianza kwa mtoa huduma wake na ana ushahidi gani. Ile namba ya kumbukumbu, na risiti za kila mwezi, ndizo zinazohitajika siku hiyo.